Honi ya Basi la Kibondo

Vijana wangu wa mahakama, siku ya kuniaga mlinipa godoro mkasema nikapumzike. Nimejaribu. Mgongo umekataa. Mtu aliyesimama kando ya kizimba tangu usichana wake hawezi kulala mchana bila kuota anaapishwa. Basi nimeona niandike, maana kila mara mlikuwa mkiniuliza ukalimani ulikuwaje enzi zetu, nami nikawajibu "tutaongea," halafu shahidi anaitwa na maongezi yanaishia hapo.

Vyeo sitavieleza. Vilikuwa vichache, na vilikuja kwa mwendo wa basi la Kibondo wakati wa masika.

Niliingia mahakama ya Kasulu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea shule ya misheni. Nilijua Kiha cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni, na nilidhani hiyo inatosha. Aliyenipokea ni Mzee Gwimo, mkalimani wa zamani, mtu mfupi mwenye koti moja na kikohozi chenye maana nyingi. Alinionyesha mahali pa kusimama, akanionyesha mtungi wa maji, akaniambia, "Binti, chombo chako cha kazi ni koo. Karani ana taipureta, askari ana rungu, wewe una koo. Usinywe maji ya baridi asubuhi."

Kisha akanipa sheria ya pili: "Wewe ni mfereji. Yakija maji safi, yapite safi. Yakija na matope, yapite na matope. Mfereji hauchuji."

Siku hiyohiyo nikapata matope. Mzee mmoja wa kesi ya mbuzi alimtazama hakimu wetu wa wakati ule, kijana aliyetoka chuoni, akasema kwa Kiha, "Huyu mtoto ameshaacha kunyonya?" Nikamtazama Mzee Gwimo. Akakohoa kile kikohozi cha "pitisha." Nikapitisha. Hakimu akaweka kalamu chini, akasema, "Mwambie nimeacha, lakini si zamani sana." Yule mzee akacheka, akakiri mbuzi ni wa jirani, kesi ikaisha kabla ya chai. Tangu siku hiyo niliuamini mfereji.

Nilitafsiri kesi nyingi baada ya hapo: za mipaka, za mahari, za ng'ombe waliovuka mpaka wa nchi bila kuulizwa uraia wao. Lakini nyie mlikuwa mkiniomba moja tu, ile ambayo baadhi yenu mmeisikia nusunusu kwa waliosikia robo. Ile ya dereva na mkwe. Leo nawapa nzima.

Kwanza mjue barabara yenyewe. Leo mnakwenda Kibondo mkisinzia. Wakati ule ilikuwa ya udongo mwekundu, kiangazi unafika na rangi ya tofali, masika hufiki. Kampuni moja ya mabasi ilikuwa na basi la Kasulu na Kibondo, kuukuu, linalowaka kwa kubembelezwa. Dereva wake alikuwa Ezekieli, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akiliongelesha basi lile kama mtu anavyoongelesha ng'ombe mzee. Abiria walimpenda. Alijua nani mgonjwa anakwenda hospitali Kabanga, akampitishia makorongo polepole.

La pili mjue vijiji. Zamani kwetu Uha mtu alikaa mlimani kwake, na mkwe wake alikaa mlima mwingine. Ukitaka kumwona mkwe ulijiandaa, ukabeba pombe, ukafua nguo. Halafu ikaja kazi ya kuhamia vijijini, na watu wote wakashushwa kandokando ya barabara. Serikali ilipanga nyumba kwa mistari, ikapanga shule na zahanati. Wakwe haikuwapanga. Ghafla dereva aliyekuwa akimwona mama mkwe wake mara chache kwa mwaka, akawa anampitia kila safari.

Na mkwe hapitwi. Nyie mnawapungia mkono mkiwa juu ya bodaboda, Mungu awasamehe. Wakati ule, ukikutana naye njiani macho kwa macho, unashuka ulipo, unachuchumaa, unapiga makofi polepole huku umeinamisha uso, naye anajigeuza pembeni, anapiga yake, kisha mnasalimiana mpaka salamu iishe. Na salamu ya Kiha haiishi upesi. Inapita kwa watoto, kwa ng'ombe, kwa maharage, kwa mvua, inarudi kwa watoto tena. Kuikata katikati ni kutangaza ugomvi.

Sasa siku moja, Ezekieli akitoka Kibondo na basi limejaa, akakunja kona moja kabla ya kufika Makere, mahali barabara ilipochimbwa chini na kingo zimesimama pande zote mbili. Akakutana uso kwa uso na Bibi Yustina, mama wa mke wake, ana kapu la maharage kichwani. Macho yakakutana. Macho yakishakutana hakuna dawa. Akasimamisha basi, akazima injini, maana humsalimii mkwe huku chuma kinakoroma, akashuka, akachuchumaa kwenye vumbi. Salamu ikaendelea kwa urefu wake. Alipopanda, basi likakataa kuwaka. Abiria wakashuka kusukuma, na kati yao alikuwemo mkubwa mmoja mwenye mkutano Kasulu, aliyesukuma akiwa amevaa suti ya Kaunda. Alifika mkutano umekwisha, suti ina rangi ya barabara, na hasira zake akazipeleka moja kwa moja kwa meneja wa kampuni.

Ezekieli akafukuzwa kazi: amesimama pasipo kituo, amezima chombo, ameacha abiria. Meneja akaongeza kwamba habari ya mkwe ni uongo, kwamba alisimama kupakia ndizi zake za magendo.

Ezekieli akaenda baraza la usuluhishi wa mambo ya kazi. Baraza likamsikiliza, likasema arudishwe kazini na alipwe malimbikizo ya mishahara yake. Meneja akakataa katakata. Akakimbilia mahakamani akiomba uamuzi ule upitiwe upya na kutupwa. Hapo ndipo jalada lilipofika kwetu, na mimi nikaitwa nikaze koo.

Hakimu wakati huo alikuwa mwingine, mtu wa Tanga, mgeni kabisa kwa milima yetu. Alikuwa bado anashangaa baridi. Alikuwa mtu wa haki, ila alipenda kila jambo liwe na mwanzo, katikati na mwisho.

Meneja alisimama akasema vizuri sana. Alisema kampuni haiwezi kuendeshwa kwa mila. Akamleta shahidi wake, Hamisi, dereva aliyechukua nafasi ya Ezekieli, mtu wa Ujiji, kijana wa kofia safi na maneno mepesi. Hamisi akaapa, akasema, "Mheshimiwa, mie sina mambo hayo. Napita barabara ile kila siku, sijasimama hata kwa kuku. Hayo ya wakwe ni mambo ya milimani."

"Wewe una mke?" hakimu akamuuliza.

"Ninaye, Mheshimiwa."

"Wa wapi?"

Hamisi akarekebisha kofia. "Wa hukuhuku."

Hakimu akaandika, hakuuliza zaidi. Kisha akaitwa Bibi Yustina.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Bibi Yustina alipotokeza mlangoni, Ezekieli aliyekuwa kwenye benchi akatoweka. Nilidhani ameanguka. Alikuwa ameshuka sakafuni, amechuchumaa, uso chini, anapiga makofi. Bibi naye akageukia ukuta, akaanza yake. Askari wetu wa mlangoni, Muha wa Heru, akajikuta ameinama na rungu mkononi. Karani wa taipureta akaacha kuchapa.

"Nini kinaendelea?" hakimu akauliza.

"Wanasalimiana, Mheshimiwa."

"Wanasema nini?"

Mfereji hauchuji. Nikaanza: "Anauliza watoto wameamkaje. Anasema wameamka salama. Anauliza yule mdogo kama kikohozi kimeisha. Anasema kimebaki cha usiku. Anauliza mvua ya upande wa Kibondo. Anasema imenyesha ila ya mawe. Anauliza maharage. Anasema yameanza kutoa maua. Anauliza kama yule mbuzi mwekundu amezaa."

Hakimu akagonga meza. Hawakuacha. Akagonga tena. Bibi Yustina akaongeza sauti kidogo, akidhani kuna mtu anafukuza paka. Hakimu akanitazama kwa macho ya mtu aliyepotea sokoni.

"Nikiamuru waache?"

"Itakuwa umewagombanisha, Mheshimiwa, na familia mbili zitakaa kikao."

Akashusha pumzi. Akangoja. Halafu, wallahi, akainama kwangu akanong'ona, "Na yule mbuzi, amezaa?"

"Mapacha, Mheshimiwa."

Salamu ilipoisha, tukagonga mwamba wa pili. Bibi alikataa kutoa ushahidi akiwa chumba kimoja na mkwe wake, na sheria haikubali mtu atolewe nje wakati mambo yake yanasemwa. Meneja akaanza kutabasamu. Nikaomba ruhusa nikasema, "Mheshimiwa, dirisha lile liko wazi. Akisimama nje, ametugeuzia mgongo, atasikia kila neno." Hakimu akafikiri, akakubali. Basi Ezekieli akasimama nje ya dirisha, mgongo wake mrefu umejaza fremu yote, na ndani mkwe wake akaapa kwa Biblia.

Alisema machache. Alisema alikuwa anapeleka maharage, akakuta basi mbele ya uso wake, na baba wa wajukuu wake akashuka kama mtu aliyelelewa. Ndizi hazikuwepo. Kisha sauti ikambadilika.

"Mwanangu hakimu," akasema, nami nikatafsiri, "mimi ndiye niliyemfukuzisha. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa barabarani. Tangu siku ile sipiti barabarani tena, napita porini kama fisi. Binti yangu anarudi kwangu kuomba unga, na mimi namtazama nasema, nimekula kazi ya mumeo. Kama kuna adhabu, nipewe mimi, yeye mrudishieni basi lake. Bila basi yule si mtu, anakaa mlangoni anasikiliza barabara."

Nje ya dirisha ule mgongo haukutikisika. Mimi nilikunywa maji ya mtungi, ya baridi, na Mzee Gwimo aliyekuwa ameshastaafu na kuja kutazama tu, hakunikemea.

Meneja akasimama. "Mheshimiwa, haya ni maigizo. Wamefundishana. Kama mila hii ni ya kweli, kwa nini madereva wengine hawasimami? Wote wana wakwe. Hamisi ana mkwe. Basi langu linafika kila siku kwa wakati." Na hapo, lazima nikiri, alisema neno. Nilijua Ezekieli anasema kweli, lakini ya madereva wengine sikuyajua, maana nilikuwa mtu wa kutembea kwa miguu.

Hakimu akafunga jalada. "Tutakwenda kuona barabara," akasema. "Kwa basi lenyewe."

Asubuhi iliyofuata mahakama ikapanda basi. Hakimu alikaa mbele karibu na dereva, koti limefungwa mpaka shingoni. Meneja nyuma yake, mimi kando, askari mlangoni, Ezekieli nyuma kabisa kati ya makapu ya kuku, kama abiria yeyote. Hamisi alikuwa kwenye usukani, ameng'ara. Abiria wengine walikuwa wa kawaida, wamelipa nauli zao, na kwa muda mfupi wote walikuwa wameshajua kesi na wameshaihukumu.

Tulikwenda vizuri. Mahindi yalikuwa yamepita kimo cha mtu, kijani pande zote. Tukakaribia Makere. Barabara mbele yetu wazi, tupu, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Hamisi akabonyeza honi. Ndefu, fupi, ndefu.

Hakimu akashtuka. "Unampigia nani?"

"Mazoea tu, Mheshimiwa."

Nyuma kukatoka kicheko kidogo cha kike, kikamezwa. Tulipokunja kona kijiji kikatokea, wanawake wako kando ya barabara na majembe, na mbele ya macho yetu kanga zikaanza kuzama mahindini. Hii, ile, ile nyingine. Kanga ya mwisho ilikuwa ya njano, ya mama mmoja mnene aliyekuwa na haraka kuliko umri wake. Mahindi yakatikisika, yakatulia.

"Simamisha basi," akasema hakimu.

Hamisi akasimamisha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza nzi mbele ya wageni.

"Mkalimani, shuka ukamuulize yule wa kanga ya njano kwa nini amejificha."

Nikashuka, nikaingia mahindini na viatu vyangu vya kazi. Nilimkuta amechuchumaa, ameshika kinywa. Nikamsalimia, si kwa ufupi. Kisha nikamuuliza, akanijibu, na kwa kuwa hakutaka kutoka, nikalazimika kusimama palepale na kutafsiri kwa kupiga kelele. Kwa kazi yangu yote hiyo ndiyo mara pekee niliyopeleka ushahidi kutoka ndani ya shamba.

"Anasema honi imelia, Mheshimiwa!"

"Honi imelia, kisha?"

"Anasema honi ikilia hivyo, kila mwenye mkwe ndani ya basi ajifiche! Asipoonwa, hapana salamu! Basi linapita!"

"Na yeye mkwe wake ni nani?"

Nikamuuliza. Akazidi kuinama. Jina la mkwe hakulitamka, alinyoosha kidole tu kupitia mabua ya mahindi. Nikakifuata kidole kile kwa macho.

"Anaonyesha usukani, Mheshimiwa!"

Basi zima likapasuka kwa kicheko. Hata kuku wakashtuka. Hamisi alivua kofia, akaivaa, akaivua.

Hakimu hakucheka. Nilikuwa nimerudi mlangoni, nikaona anavyogeuka taratibu kumtazama Ezekieli kule nyuma. Macho yake yalikuwa makali. "Kumbe dawa ipo," akasema. "Madereva wote wanaijua. Wewe ulikuwa unaijua?"

"Naijua, Mheshimiwa."

"Kwa nini basi siku ile hukupiga honi?"

Meneja akakaa sawa kwenye kiti. Nilidhani sisi wenyewe tumemzika yule mtu.

Ezekieli akasimama, kichwa kikagusa dari. "Nilipiga, Mheshimiwa. Honi ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimeshamwambia Bwana Meneja tangu masika yanaanza. Akasema honi haiendeshi gari, niendeshe. Siku zote hizo nilikuwa nikifika kwenye kona ile namwomba Mungu. Siku ile Mungu alikuwa na kazi nyingine."

"Uongo," akasema Meneja. "Honi hii hapa, ni nzima, tumeisikia wote."

Hakimu akamgeukia Hamisi. "Ulipokabidhiwa basi hili, honi ilikuwa inalia?"

Hamisi akamtazama Meneja. Kisha akatazama mahindi, ambako kanga ya njano ilikuwa inachungulia na kujificha. Kijana yule alikuwa mwepesi wa maneno, lakini hakuwa mtu mbaya.

"Haikulia, Mheshimiwa. Mie ndiye niliyedai itengenezwe. Nilimwambia Bwana Meneja, bila honi sishiki usukani."

"Kwa nini, na wewe huna mambo hayo ya milimani?"

Hamisi akashusha sauti. "Mheshimiwa, na mie nimeoa kwa watu."

Hukumu ilisomwa Kasulu, kwa Kiingereza kirefu, nami nikaifupisha kwa Kiha kadiri mfereji unavyoruhusu. Uamuzi wa baraza ulibaki palepale: Ezekieli arudi kazini kwenye basi lake, na alipwe mishahara yake ya kipindi chote alichokaa mlangoni akisikiliza barabara. Hakimu aliandika kwamba mwajiri aliyemnyima mtumishi kifaa cha kazi hawezi kumwadhibu kwa kukosa kukitumia. Kuhusu mila hakuandika chochote. Ila alipotoka nje, alimkuta Bibi Yustina amesimama uani, ameupa ukuta uso, na yule mtu wa Tanga akaweka jalada chini, akachuchumaa na joho lake, akapiga makofi. Alipiga ovyo, kama anayeua mbu. Bibi akamjibu kwa heshima zote, na salamu ikaanza, nami nikaketi kwenye ngazi nikitafsiri, maana ilionekana wazi hatutakula mapema.

Safari ya kwanza ya Ezekieli nilikuwemo. Nilikuwa natumwa mahakama ya Kibondo, na Meneja naye alikuwa kiti cha mbele, amesema anakagua tairi. Hamisi alikuwa amepewa basi la Kigoma, ambako, alisema, wakwe wanakaa mbali na barabara kama watu wenye akili. Ezekieli alizunguka basi, akaliwekea mkono ubavuni, akaliambia neno nisilolisikia. Likawaka mara moja.

Tukapita Makere. Tulipokaribia ile kona ya kingo mbili, akabonyeza. Ndefu, fupi, ndefu. Tukakunja. Barabara ilikuwa tupu, safi, imefagiliwa na ile sauti. Juu ya kingo mahindi yalikuwa yametikisika na kutulia.

Kisha kutoka humo ndani, pasipoonekana mtu, vikatoka vigelegele. Kwanza vya mtu mmoja, sauti ya kizee, imekwaruza. Halafu shamba zima.

Abiria mmoja mgeni, nadhani mwalimu mpya wa chuo, akanigusa bega. "Dada, shamba lile lina nini?"

"Lina mama mkwe," nikamwambia.

Ezekieli hakugeuka kutazama, maana mkwe hatazamwi. Alishika usukani kwa mikono miwili, akafuta uso kwa bega, akabonyeza honi mara nyingine, ndefu kupita zote, ambayo haikuwa na kazi yoyote.